Vidonge Mashavuni

Haya, nikutegee wewe uliyekaa hapo: mgeni wangu hana miguu lakini amefika, hana mkono lakini mlango umempisha, ameanguka puu sakafuni na hakulia, wala hakuomba hata maji ya kunywa. Ni nani?

Unakuna kichwa. Usinipe mji, mji ninao tayari. Ni London, tena pembezoni kabisa, Thamesmead, huko ambako majumba ya saruji yanatazama ziwa na mabata bukini wanavuka barabara polepole kama wenye mtaa. Mgeni wangu ni kifurushi cha posta. Kilipenya kwenye tundu la barua asubuhi ya Alhamisi, kikaangukia juu ya viatu vya watoto, na mwanamke mwenye nyumba akasimama akikitazama, akiwa na taulo mkononi, mpaka chai ikachemka ikamwagika.

Huyo mwanamke ni Annonciata. Kanisani na mtaani wanamwita Mama Cédric, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kwao ni Uvira, Kongo. Kazi yake ni kwenda nyumba kwa nyumba kuhudumia wazee wasiojiweza: anawaosha, anawavisha soksi, anawakumbusha dawa. Mumewe Alexis anapakia mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow. Watoto wao ni wawili, Cédric na Gires, wavulana wanaosemeshwa Kiswahili na kujibu Kiingereza.

Annonciata alikuwa na mimba changa. Yeye na Alexis walishalizungumza jikoni, mara moja tu, kwa sauti ya chini, na wakakubaliana kwamba hawataendelea nayo. Sababu zao walikuwa nazo, na mimi sizianiki hapa kama nguo kwenye kamba. Kuamua hakukumsumbua Annonciata. Alishaamua. Kilichomsumbua ni kwamba hakuamini atabaki hai.

Maana alikuwa na mdogo wake, Chancelle. Chancelle alipata mimba asiyoitaka, akapewa unga na mwanamke mmoja nyuma ya soko la Uvira, akaukoroga, akaunywa, akajifungia chumbani. Kesho yake nyumba ikajaa watu. Walipouliza amekufa na nini, mama yao akasema malaria. Basi malaria ikahubiriwa kanisani, malaria ikasindikizwa makaburini. Annonciata ndiye aliyefua yale mashuka. Alijua, akanyamaza. Tangu hapo kuna mahali ndani yake palipokufa ganzi, kama mguu ulioukalia vibaya, ila mguu ukiunyoosha huwa unarudi.

Kifurushi hakikufika chenyewe tu. Wiki hiyo hiyo alikuwa amezungumza na muuguzi kwa simu. Kiingereza cha kazini anakijua, lakini alisema anataka mkalimani, kwa kuwa kuna neno moja alilotaka kuliuliza kwa lugha yake. Akaletewa mkalimani mwanaume, sauti ya mtu wa pwani, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Kila alipofika kwenye neno la aibu alikohoa kwanza.

"Dada, muuguzi anauliza, siku zako za mwisho za..." akakohoa, "za mwezi, uliziona lini?"

Annonciata akamwambia.

"Anauliza, una maumivu ya upande mmoja wa tumbo? Ama huku juu, ncha ya bega?"

"Bega linauma. Ni ya kuinua wazee."

Mkalimani akafikisha. Muuguzi hakuliacha likapita. Akataka kujua ni bega lipi, limeanza lini, linauma hata akiwa amekaa ama akiinua tu. Akauliza kama ana kitanzi cha uzazi, kama ana ugonjwa wa damu, kama amewahi kupasuliwa. Akauliza kama kuna mtu anayemlazimisha, na kama hapo alipo anaweza kusema kwa uhuru.

"Bwana yangu analala," Annonciata akasema. "Alifanya kazi usiku. Hata bomu haimuamshe."

Mkalimani akacheka kidogo, kisha akajirudi.

"Anasema, kama una swali, uliza."

Annonciata alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha Gires, miongoni mwa soksi na vigari vya plastiki. Akauliza bila kupandisha sauti, kama anauliza basi linapita saa ngapi.

"Muulize hivi. Mtu akitumia hii dawa kwake, hakuna daktari, hakuna kitanda ya hospitali, mlango umefungwa. Anakufa?"

Safari hii mkalimani hakukohoa. Alilifikisha neno kama lilivyo. Na muuguzi hakuharakisha.

"Anasema hawezi kukuapia kwamba hakuna hatari hata chembe, maana dawa ya namna hiyo haipo duniani. Lakini anasema wanawake wengi sana nchi hii wanafanya nyumbani, baada ya simu kama hii, mimba ikiwa changa kama yako, na hali zao zimefuatiliwa. Katika wanawake mia, kwa karibu tisini na nane mambo yanakamilika kwa vidonge hivyo tu. Wachache huhitaji kusaidiwa zaidi. Wanaopatwa na jambo kubwa ni wachache mno, na ndiyo sababu amekuuliza maswali yote haya, si udaku. Damu itatoka, tena nyingi kuliko ya mwezi, usishtuke. Lakini ukilowesha pedi mbili kubwa ndani ya saa moja, na saa inayofuata vivyo hivyo, piga simu. Ukiwa na homa isiyoshuka, piga. Ukiwa na wasiwasi tu, piga. Namba hiyo inapokelewa usiku na mchana. Na siku ya vidonge vya pili uwe na mtu mzima nyumbani."

"Bwana yangu atakuwa."

"Amefurahi. Anasema kila la heri."

Muuguzi akakata. Mkalimani, ambaye kazi yake hairuhusu kutia neno lake mwenyewe, alibaki kwenye simu punje ya muda, akasema, "Pole, dada yangu," naye akakata.

Basi Alhamisi hiyo, watoto walipokwenda shule, Annonciata akafungua kifurushi. Kidonge cha kwanza ni kimoja tu, cha kumeza. Akakimeza kwa ile chai iliyobaki. Akangoja. Hakuna kitu. Akavaa sare yake akaenda kumwosha mzee mmoja wa kizungu anayependa kuimba wakati anasuguliwa mgongo, na siku ikapita.

Ijumaa ndipo alipokosea. Na kosa lenyewe ni la mtu wa Uvira aliyekaa London mpaka akasahau alikotoka.

Asubuhi alimwandikia msimamizi wake wa kazi: naumwa, sitakuja siku mbili tatu. Msimamizi akamrudishia picha ya ua na dole gumba, basi. Kazini ndivyo ilivyo, ukisema unaumwa watu wanakukalia mbali. Sasa, kwa kidole kile kile na akili ile ile, akamwandikia Mama Stéphanie, mkuu wa kwaya ya akina mama: "Kesho sitakuja kuimba, niko mgonjwa."

Wewe unayewajua wanawake wa Kikongo unaanza kucheka. Kwao hao, neno "niko mgonjwa" si la kukufungia mlango. Ni la kukufungulia. Ukilisema, sufuria zinawekwa motoni. Mgonjwa haachwi peke yake. Ataletewa sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ataombewa, atakaliwa mpaka aombe radhi kwa kuumwa. Annonciata mwenyewe ameshawabebea wenzake sufuria nyingi kwenye basi. Lakini akili yake siku hizo ilikuwa kama redio iliyozimwa. Akatuma, akaweka simu chini.

Jumamosi asubuhi Alexis akawachukua watoto awapeleke Ilford kwa ndugu yake, wasije wakamwona mama yao katika hali hiyo. Mpango ulikuwa awaache na kurudi mara moja.

"Usianze mpaka nirudi," Alexis akasema mlangoni. Alikuwa mtu mpole, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Sitaanza."

"Daddy, come on," Gires akasema.

Wakaenda. Saa zikapita, simu ikalia: treni zimesimama, matatizo ya reli, watu wamejaa kama maharage kwenye kopo, hajui ataondoka Ilford saa ngapi. "Ngoja," akasema. Lakini muda wa vidonge vya pili, siku mbili baada ya kile cha kwanza, ulikuwa unakaribia kupita, na Annonciata alikwishachoka kungoja. Akameza dawa ya maumivu. Akapanga bafuni pedi, taulo na chupa ya maji ya moto, akatoa vidonge, ganda lao tupu akaliacha hapo. Akakaa kwenye kochi, akaweka vidonge vinne mdomoni kama alivyoelekezwa: viwili shavu la kulia, viwili shavu la kushoto, kati ya shavu na fizi. Vikae hapo nusu saa viyeyuke, kisha umeze vilivyobaki kwa maji. Vilikuwa vikavu kama chaki. Mate yakamjaa.

Ndipo mlango ukagongwa.

Hakujibu. Ukagongwa tena. Kisha kile kibati cha tundu la barua kikainuliwa, na macho mawili yakachungulia.

"Mama Cédric! Tunaona viatu vyako!"

Alikuwa Mama Stéphanie, kwa ile sauti yake inayosikika hata spika zikizimwa. Mdomo wa Mama Stéphanie kanisani una sifa: ukimwambia jambo Jumapili, Jumatatu limefika Hounslow, upande wa pili wa London.

"Pengine amelala," sauti nyingine ikasema. Huyo alikuwa Mwende, msichana wa Kenya anayeimba nao.

"Amelala na taa inawaka? Ameanguka ndani! Mama Cédric, kama haufungue, ninaita ambulensi!"

Kusema asubiri hawezi, mdomo umejaa. Kukaa kimya hawezi, ambulensi itakuja. Akainuka akafungua.

Wakaingia na harufu ya mawese. Mama Stéphanie amefunga kitambaa kichwani, sufuria ya sombe kifuani kama mtoto mchanga. Mwende nyuma na mfuko wa machungwa.

"Ee Mungu wangu, tazama uso! Kaa, kaa. Unasikia namna gani?"

Annonciata akatikisa kichwa, akaonyesha mdomo.

"Hasemi?" Mama Stéphanie akamgeukia Mwende. "Jana aliandika, leo hasemi."

"Ni koo, mum," Mwende akasema. "Ona vile mashavu yamefura. Hiyo ni tonsils. Mimi nimefanya kazi na wazee, hii kitu naijua."

"Wewe unajua kupika githeri. Kwetu mtu akinyamaza hivi tunasema amelogwa."

"Amelogwa Thamesmead? Na nani, hao bata?"

"Nyamaza tuombe."

Wakamwekea mikono kichwani, wakaomba. Mama Stéphanie haombi kwa ufupi. Alipita koo, akapita kifua, akafukuza kila ugonjwa kwa jina lake, akamwomba Mungu ahifadhi kila kiungo cha binti huyu kuanzia utosini. Chini ya mikono ile Annonciata alikaa na chaki mashavuni, akimeza mate kidogo kidogo, macho kwenye saa ya jiko. Alijiuliza kama anapaswa kuona haya. Haya haikuja. Alisikia uzito wa mikono tu, na joto lake.

"Amina. Sasa, unasikia namna gani?"

Akatikisa kichwa tena.

"Basi ninawe mikono, nikupashie chakula." Mama Stéphanie akaenda bafuni.

Maji yakasikika yakimwagika. Yakafungwa. Kisha kimya kirefu, na kimya cha Mama Stéphanie si kitu cha kawaida. Aliporudi, ameshaziona zile pedi na ganda la vidonge, alisimama mlangoni akiwa na maji bado yanamchuruzika vidoleni. Akayatazama yale mashavu.

"Mwende," akasema. "Nenda mazoezini. Utaimba mahali pangu."

"Mimi? Si ulisema sauti yangu ni ya mbuzi?"

"Leo mbuzi atamtukuza Mungu. Nenda, tutachelewesha watu. Na usiimbe kwa pua."

Mwende akamshika Annonciata bega, akasema, "Pole sana, mum, kunywa maji moto na ndimu," akaondoka. Mlango ukafungwa. Mama Stéphanie akakaa kitini, akavua kitambaa kichwani, akakikunja mapajani. Nusu saa ikaisha. Annonciata akachukua glasi, akameza mabaki. Alipokuwa anafuta midomo, Mama Stéphanie akauliza, kwa sauti ambayo Annonciata hakujua anayo.

"Ulipewa na daktari ao na mtu?"

"Na daktari. Muuguzi. Kwa simu."

"Kwa simu? Hakukuona?"

"Aliniuliza kila kitu. Alituma kwa posta."

"Kwa posta." Mama Stéphanie akalirudia kama anaonja chakula asichokijua. "Alexis anajua?"

"Anajua. Treni imemfunga Ilford."

Mama Stéphanie naye ni wa Uvira. Nyumba yao ilikuwa mtaa mmoja na ya kina Annonciata. Alikuja kwenye msiba wa Chancelle, alilia pamoja nao. Akatazama sakafu.

"Mimi sikubali jambo hii," akasema. "Unasikia? Mbele ya Mungu, sikubali. Na mbele ya Mungu huyo huyo, hautakufa leo nikiwa hapa. Nielezee. Kitu gani ni kawaida, na kitu gani ni hatari."

Annonciata akamweleza, kama alivyoelezwa na yule mtu wa pwani. Habari ya pedi aliambiwa airudie.

Maumivu yalianza kabla sombe haijapata moto. Yalikuja kama uchungu wa kuzaa uliopunguzwa, yakipanda na kushuka. Alikwenda bafuni, akarudi, akaenda tena. Damu ikashuka, nyingi, na mapande yaliyoganda. Alikaa pale kwenye choo akitazama vigae vya ukuta, kimoja kina ufa, na akaona yale mashuka ya Uvira, jinsi maji ya ndoo yalivyobadilika rangi. Hakulia. Alifikiri tu, kwa utulivu wa ajabu, kwamba Cédric hajui kufunga tai ya shule mwenyewe.

"Ngapi?" Mama Stéphanie akauliza nje ya mlango.

"Ya pili imelowa."

"Saa imeisha?"

"Bado kidogo."

"Basi piga."

"Walisema saa mbili zifuatane."

"Walisema pia ukiwa na wasiwasi. Mimi niko na wasiwasi. Piga!"

Akapiga. Akapokea muuguzi mwingine, mwanamke, aliyetulia kama maji ya mtungini. Safari hii Annonciata alizungumza Kiingereza mwenyewe, huku akimtafsiria Mama Stéphanie, ambaye alishaingia na kukaa ukingoni mwa bafu. Muuguzi akauliza: unasikia kizunguzungu? Ukisimama unaweza? Una baridi ya homa? Mapande ni makubwa kiasi gani? Uso umepauka?

"Apauke namna gani, yeye mweusi!" Mama Stéphanie akasema. "Aulize mimi." Akamshika kidevu, akamvuta kope la chini, akatazama ndani, akamgeuza midomo kama anayenunua mbuzi. "Mwambie kope ni jekundu. Midomo ni sawa. Mikono iko na moto."

Annonciata akafikisha. Muuguzi akasema hii ndiyo sehemu nzito kuliko zote, mara nyingi ni wakati mimba yenyewe inapopita, kisha hupungua. Akasema aangalie saa inayofuata. Ikiwa bado vile vile, au akianza kuzimia, asingoje, apige namba ya dharura, ambulensi ije. Akauliza kama kuna mtu naye.

"Mwambie niko," Mama Stéphanie akasema.

Wakakaa. Wanawake wawili katika bafu dogo la Thamesmead, mmoja juu ya choo na chupa ya maji ya moto tumboni, mmoja ukingoni mwa bafu akimenya chungwa la Mwende kwa kucha. Saa ile ilikwenda polepole. Mama Stéphanie hakuomba kwa sauti, midomo yake tu ilikuwa inacheza. Ndani ya saa ile pedi moja ilitosha, tena haikulowa yote. Maumivu yakalegea. Annonciata akainuka, akaoga, akavaa gauni safi. Akatembea polepole mpaka kwenye kochi.

Hakufa.

Alingoja moyo ufurahi. Haukuwa na haraka. Alikula kipande cha chungwa na hakujua ni kitamu ama kichachu.

"Unasikia namna gani?" Mama Stéphanie akauliza. Mara ya tatu siku hiyo.

"Tumbo imepunguka."

"Sikuuliza tumbo."

Annonciata akageukia dirisha. Huzuni aliitafuta, hakuiona. Nafuu nayo hakuiona. Nje mtu alikuwa anafundisha mtoto baiskeli, akimkimbilia nyuma. Akamtazama mpaka wakapotea pembeni mwa jumba.

Alexis aliingia jioni akikimbia, jasho limemlowa, akakuta mkuu wa kwaya anaosha masufuria jikoni kwake. Akaganda na ufunguo mkononi. Rangi ya hofu ilimpanda, maana naye anaujua mdomo ule.

"Papa Cédric," Mama Stéphanie akasema bila kugeuka, "bibi yako alikula kuku mbaya. Ile ya kwenye duka za barabarani. Ametapika, ameendesha, sasa ni mzuri. Chakula iko kwenye sufuria. Usimpe kazi wiki hii."

Alexis akamtazama mkewe. Mkewe akatazama chungwa.

"Aksanti, Mama," akasema.

"Kuku zile ni sumu," Mama Stéphanie akaongeza, akafuta mikono, akaenda zake.

Jumapili, kanisa zima lilikuwa limeshapata habari ya kuku. Wanawake walimjia Annonciata mmoja mmoja wakimsimulia kuku waliowahi kuwadhuru wao. Mwende akaudhika: "Na mimi nikasema tonsils!" Akasutwa mpaka na yeye akacheka. Annonciata alingoja habari ya pili ifike, ile ya kweli. Alisikiliza kwenye ngazi za kanisa, kwenye foleni ya chai, kwenye ukimya wa mtu akimwona. Haikufika. Wiki ikapita na nyingine. Alirudi kazini, yule mzee akaimba, Cédric akajifunza kufunga tai vibaya. Damu ikapungua, ikakatika. Usiku alilala vizuri, jambo lililomshangaza. Watu walimwona mzima, na mwilini alikuwa mzima.

Wiki ya tatu ilipotimia alifanya kipimo cha mimba kilichokuja ndani ya kile kifurushi, kama alivyoagizwa, kuhakikisha kwamba yameisha kweli. Akakiweka ukingoni mwa beseni, akasukutua mdomo, akarudi kukitazama. Kilisema hapana. Akakipeleka kwa Alexis, aliyekuwa anamkaangia Gires yai. Alexis akatazama, akavuta pumzi ndefu, akamshika kisogo kwa mkono wenye mafuta. "Mzuri," akasema. "Mzuri," naye akasema. Yai likaungua kidogo, Gires akalalamika kwa Kiingereza.

Jumamosi hiyo alikwenda kwa Mama Stéphanie kusukwa nywele. Alikaa chini kwenye mkeka, mabega katikati ya magoti ya Mama Stéphanie, na televisheni ikiwaka bila sauti. Mtu akisukwa haoni uso wa anayemsuka, na anayesuka anaona kisogo tu. Walizungumza habari za sare mpya za kwaya, za bei ya majani ya muhogo, za binti ya fulani aliyepata kazi ya uuguzi. Mama Stéphanie anasuka kwa kuvuta. Kitana kikapita nyuma ya sikio, kikakwama, kikavutwa, na machozi yakamjia Annonciata machoni, ya kuumia tu, kama yanavyomjia mtu yeyote.

"Vumilia," Mama Stéphanie akasema.

Yakaanza kutoka. Akayafuta kwa mgongo wa mkono, yakatoka mengine. Kitana kikasimama.

"Nimekuumiza?"

"Hapana. Endelea."

Vidole vikarudi kazini, polepole kuliko mwanzo. Msuko mmoja ukaisha, ukaanza mwingine. Kwenye televisheni mtu alikuwa anapika, anatabasamu.

"Siku ile," Annonciata akasema, "uliniuliza ninasikia namna gani."

"Niliuliza."

"Juu ya ile yangu, sisikii kitu. Nimetafuta. Ilikwisha, na mimi niko hapa, unanivuta nywele." Akainamisha kichwa, msuko ukafika kisogoni. "Lakini ninasikia Chancelle. Sasa ndiyo ninamsikia. Alikuwa na miaka kumi na tisa, Mama Stéphanie, na haikukuwa malaria."